Sanduku la kanda za Bibi: shajara ya kazi na nyimbo zilizoninasa

Jumamosi, 3 Mei

Mradi wenyewe ni huu: kuhamisha kanda zote za Bibi ziingie kwenye kompyuta kabla kuvu haijazimaliza. Sanduku ni la bati, lile la safari la zamani, na limekaa juu ya kabati nyumbani kwake Ngamiani tangu sijaanza shule. Ndani mna mchanganyiko: taarabu ya hapa Tanga, dansi, kaswida, harusi za watu, na kanda kadhaa zisizo na maandishi hata herufi moja. Masika ya mwaka huu yamepiga haswa na chumba kile hakikauki. Nimefungua kanda moja nikakuta unga mweupe umejishika pembeni mwa utepe. Ndiyo kuvu hiyo, na ukiitia kwenye deki inahamia kanda nyingine. Zote zenye unga nimezitenga kwenye mfuko wa nailoni.

Vifaa: deki ya mezani niliyoipata kwa fundi mmoja jirani na soko la Mgandini, kompyuta mpakato, kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka USB, hedifoni, spiriti, pamba na bisibisi ndogo za saa. Programu ni Audacity, ya bure na haina makuu. Nitarekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja ya stirio kwa kiwango hicho inakula kama GB 1, kwa hiyo diski ya nje niliyonayo inatosha na nafasi inabaki. MP3 za kwenye simu za ndugu zitakuja baadaye.

Bibi hajaelewa kwa nini nahangaika. "Mume wangu, si zipo hizo nyimbo kwenye simu yako?" Baadhi zipo, ni kweli. Lakini si hizi hizi.

Jumapili, 4 Mei

Deki haivuti. Nimeifungua: mpira unaozungusha kanda umeyeyuka, umegeuka lami, vidole vyangu bado vyeusi. Fundi amepima mzunguko kwa uzi, akapekua kopo lake la mipira, akatoa mmoja uliokaa sawasawa. Kasi ya kanda ni sentimita 4.76 kwa sekunde, na mpira ukilegea kidogo tu sauti inayumba, hasa kwenye noti ndefu za akodiani. Amenipa na somo la hedi, kile kichwa kinachosoma utepe: isafishwe kwa spiriti kila baada ya kanda mbili tatu, usingoje sauti ifubae.

Alhamisi, 8 Mei

Kanda ya kwanza imeingia yote. Juu yake Bibi aliandika kwa kalamu ya wino "SHAKILA", basi.

Kwa wasiomjua (nasikia wapo): Shakila Said alizaliwa Pangani mwaka 1947, akaimba na Black Star Musical Club ya hapa Tanga, baadaye Lucky Star, na akafariki Agosti 2016. Watu wa Tanga na Pangani bado wanagombania ni wa nani. Bibi halikubali hata swali lenyewe. Kwake yeye Shakila ni wa Barabara za Ngamiani na mjadala umekwisha.

Sasa hapa kuna jambo limenibadilisha masikio. Kanda haina haraka. C60 ni dakika 30 kila upande, na hizo dakika 30 utazikaa, kwa sababu huwezi kurekodi kwa kuruka. Kwenye simu mimi ni mtu wa sekunde kumi: utangulizi ukirefuka, kidole kinapita. Hapa nimekaa na mikono mapajani, naangalia mstari wa sauti usiguse nyekundu, na Shakila anachukua muda wake. "Kifo cha Mahaba" nilikuwa naujua tangu utotoni, wa kwenye sherehe, ule unaosikika huku watu wanagombania pilau. Leo ndiyo nimeusikia. Anaimba nyuma kidogo ya mapigo, makusudi, kama mtu anayejua hutaondoka. Hapazi sauti hata pale ambapo waimbaji wa leo wangepasua spika.

Ukafuata "Macho Yanacheka", wimbo wa mtu mwenye uso mkunjufu na moyo uliochanika. Bibi alikuwa mlangoni anachagua mchele. Ulipoanza akaacha kuchagua, hakusema neno. Ulipokwisha akaniambia nirudishe. Nikamwambia bado narekodi, akasema sawa, atasubiri upande uishe. Akasubiri kweli.

Jumapili, 11 Mei

Kanda ya pili ya taarabu ilikuwa imefubaa, sauti zote nyembamba zimepotea, waimbaji kama wako nyuma ya blanketi. Dawa yake ni parafujo ndogo pembeni mwa hedi. Deki iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo tofauti na ya kwangu. Unaigeuza taratibu, kidogo mno, huku unasikiliza kwa hedifoni, mpaka ghafla pazia linafunguka. Kila kanda ina pembe yake. Mjomba anasema nina subira ya kuvua ngisi.

Pazia lilipofunguka nikasikia besi.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, maana naona watu wanaisifu taarabu ya Tanga kwa waimbaji peke yao na kuwaacha wapigaji. Taarabu ya Unguja, ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanza mwaka 1905, ina mkusanyiko mkubwa wa vyombo: fidla nyingi, udi, kanuni, ganuni ukipenda kuiita hivyo, wote wanakwenda pamoja na unakaa kitini kuwasikiliza. Tanga walipunguza watu. Gitaa la umeme, gitaa la besi, kinanda au akodiani, ngoma ndogo za bongo na wenzake, mwimbaji, waitikiaji. Mji huu wakati huo ulikuwa wa bendi za dansi, na masikio ya wapigaji yalikuwa pande zote mbili za barabara. Kwa hiyo chini ya shairi la mapenzi lenye vina vyake unakuta besi inayotembea kwa mwendo wa dansi, na nyimbo zenyewe ni fupi, zinataka kiuno. Mtindo huo ulishika pwani yote mpaka Mombasa, na ukafika mbali zaidi: mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa santuri ya Black Star na Lucky Star kwa jina la *Nyota*.

Kuna wimbo mmoja upande B, jina sijalipata, ambao mpiga besi anapiga noti tatu kisha anaiacha ya nne. Anaiacha tu, nafasi iko wazi, bongo inaijaza. Kila mzunguko nangoja aipige na haipigi. Nimeusikiliza njia nzima kwa baiskeli kutoka Ngamiani hadi Raskazone. Kwenye simu, kwa spika ile ndogo, besi hiyo haipo kabisa. Ndiyo maana nasema si nyimbo zile zile.

Jumanne, 13 Mei

Umeme hakuna tangu adhuhuri. Nimeandika lebo.

Ijumaa, 16 Mei

Kanda za dansi, nyingi zimenaswa redioni na marehemu Babu. Alikuwa anakaa na redio kaseti, kidole juu ya kitufe chekundu, anavizia. Enzi hizo bendi ilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo nyingi hazikufika dukani. Ukiutaka wimbo uuvizie ukipita. Kwa hiyo karibu kila wimbo unaanza na mtangazaji katikati ya neno, na mmoja umekatwa pale pale solo inapopanda, kwa sababu saa ya taarifa ya habari imefika. Nilishawishika kukata sauti za watangazaji ili nyimbo zibaki safi. Bibi amekataa, na nakubaliana naye. Kipindi cha "Ugua Pole" kimenaswa kidogo mwishoni mwa upande A, salamu zinasomwa kwa wagonjwa, na mtangazaji anasoma kila jina kwa heshima moja. Nimeiacha yote.

Kuna Atomic Jazz, kuna Jamhuri Jazz, bendi zetu. Jamhuri ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linaeleza mengi kuhusu mji huu: mkonge uliwaleta watu kutoka bara kuja kukata, na watu wakija hawaachi ngoma zao nyumbani. Siku za mshahara kwenye mashamba zilihitaji muziki. Ninapozisikia zile gitaa mbili zinajibizana, solo juu, rithimu chini haichoki, nasikia na mashamba.

Ila iliyoninasa wiki hii si ya Tanga. Ni "Georgina" ya Safari Trippers, Marijani Rajab akiwa kijana. Mashairi ya dansi mara nyingi yanakwenda moja kwa moja kwenye kisa. Marijani anakizunguka kisa kwa upole, anakusogezea kiti kwanza. Halafu kuna "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, ambao Babu aliurekodi mara nne kwenye kanda tofauti. Sijui alisahau kuwa anao au hakutaka kuhatarisha. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, na kwenye mojawapo ya kanda hizo, kabla ya wimbo, Babu anasikika akikohoa chumbani. Kikohozi kile nimekijua papo hapo.

Jambo la kiufundi, kwa anayefanya kazi hii: kabla ya wimbo kuanza, kwenye ukimya, unasikia wimbo huo huo kwa mbali, kama sekunde moja na kitu kabla. Si jini. Utepe ukikaa umefungwa miaka mingi, tabaka moja linaambukiza sumaku tabaka lililolalia. Unapozidi kukaa bila kupigwa ndivyo inavyozidi. Haitibiki vizuri, na ukiifuta kwa programu unakula na pumzi ya wimbo. Nimeziacha.

Jumapili, 25 Mei

Kazi ngumu kuliko zote mpaka sasa, na tamu kuliko zote.

Kanda haina lebo. Ni harusi, Makorora, vigelegele tangu mwanzo, kikundi cha taarabu kinapiga uani. Lakini sauti ya mwimbaji ni ya mtoto, nyembamba, na mapigo yanakimbia. Bibi kasikiliza, kakunja uso: "Huyu simjui. Na mimi harusi za Makorora zote nimekwenda."

Nikafikiri: redio kaseti iliyorekodi ilikuwa ya mawe, yaani betri, na mawe yalikuwa yanakwisha. Mota ikivuta polepole wakati wa kurekodi, ukija kupiga kwa kasi sahihi kila kitu kinapanda. Sasa utajuaje kimepanda kwa kiasi gani? Huwezi kukisia kwa sikio, kila mtu ana sikio lake. Jibu likawa kwenye uchafu wa sauti. Amplifaya ya kikundi ilikuwa ya umeme wa ukutani, na amplifaya za zamani zinavuma. Umeme wa nchi hii unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake una kipimo. Nikatafuta kipande kisicho na muziki, watu wanapiga soga kati ya wimbo na wimbo, nikaiambia Audacity inionyeshe masafa. Kilele kiko kwenye 53. Yaani kanda inakwenda mbio karibu asilimia 6, ambayo ni kama nusu noti kwenye kinanda.

Nikaishusha mpaka mvumo ukakaa 50. Mwimbaji akakua. Mtoto akawa mama mtu mzima, sauti nzito kifuani, mapigo yakatulia, na besi, besi yangu, ikashuka mahali pake.

Bibi akapiga paja. "Huyo! Huyo namjua!" Akamtaja, akataja na nyumba, na nani alikuwa anamtunza siku hiyo mpaka mumewe akanuna. Jina siliandiki hapa, wana wake wapo. Nikamuuliza kama ana hakika umeme haukuwa wa jenereta, maana jenereta haina nidhamu ya 50. Akasema waya ulivutwa kutoka nyumba ya pili, na mwenye nyumba hiyo alidai soda kreti nzima.

Wimbo wa tatu kwenye kanda hiyo ndio ninaoupenda kuliko vyote vilivyotoka sandukuni. Hauna santuri, haukupigwa redioni, na wanaoukumbuka ni wale waliokuwa uani. Mwimbaji anasimama kati ya beti kupokea tunzo, wapigaji wanazunguka mahali pamoja kumsubiri, dakika nzima, halafu anarudi kwenye ubeti kana kwamba hakuondoka. Studioni kitu hicho hakitokei. Nimejaribu kumfanya rafiki yangu mpenzi wa singeli ausikie. Dakika ya pili akawa ameshika simu yake. Nikamwambia kaa. Akakaa. Alipoondoka ameniomba nimtumie, nimemwambia aje nyumbani kuusikia.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeweka kanda nyingine isiyo na lebo. Ngoma, sauti za wanawake watupu, kicheko. Sekunde ishirini hazikufika Bibi katoka jikoni na mwiko mkononi: "Mume wangu, zima hiyo! Zima! Hiyo si yako."

Kumbe ni ngoma za ndani, za kumfunda mwali. Nikazima, nikaitoa kwenye deki. Binamu yangu wa kike, ambaye yuko chuoni na kompyuta anaijua kunishinda, ndiye atakayeihamisha, mlango umefungwa, na faili atalitunza yeye na Bibi. Kwenye orodha yangu nimeandika nambari ya kanda na neno "imeshughulikiwa". Kwa kweli ndivyo inavyotakiwa. Kuna watu wanadhani kuhifadhi ni kumwaga kila kitu hadharani. Nyimbo zina wenyewe, na wengine kati ya wenyewe ni wanawake waliokaa chumba kimoja wakiwa na hakika hakuna mwanamume anayesikia.

Suala hilo hilo kwa upande wa biashara: za Shakila, za Atomic, za Marijani, sipandishi mahali popote. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda waimbaji, na hata isingekuwepo, wengi wao walikufa hawana kitu huku nyimbo zao zinapigwa kila harusi. Kazi yangu inaishia kwenye familia.

Jumapili, 8 Juni

Idd pili. Nyumba imejaa, nikaunganisha kompyuta kwenye spika sebuleni. Watoto wakavumilia taarabu nyimbo mbili, wakaanza kulalamika. Nikawatolea dawa: kanda halisi ya Wagosi wa Kaya, ya mwanzo wa miaka ya 2000, wakati bongo fleva yenyewe ilikuwa inauzwa kwenye kanda. "Tanga Kunani" ikapigwa na wajomba wote wakaimba neno kwa neno, mji wao unasutwa na wao wanacheka. Binti wa dada akauliza kama hao ni wa zamani kama Shakila. Mjomba mdogo, ambaye ni rika moja na Wagosi, akanuna mpaka chakula kilipoletwa.

Ombi lililorudiwa mara nyingi jioni ile: "Kimasomaso" ya Issa Matona. Hatunayo. Kanda ilikuwepo, iliazimwa kwa harusi fulani, na mwazimaji anajulikana, naye alikuwa amekaa pale pale anakula biriani.

Jumapili, 15 Juni

Hali ya mradi. Kanda safi zote zimekwisha, zina lebo, nakala ziko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa binamu. Bibi amepewa flashi ya kuchomeka kwenye redio yake, nyimbo zimepangwa kama alivyotaka mwenyewe: za kupikia, za alasiri, za usiku. "Macho Yanacheka" iko kwenye za usiku. "Georgina" ameitia kwenye za kupikia, kwa sababu ambazo hajanieleza.

Kwangu mimi, zinazozunguka kichwani kwa sasa: wimbo wa tatu wa harusi ya Makorora, ule wa besi yenye nafasi wazi, "Kifo cha Mahaba" kwa toleo la kanda wala si la simu, na ajabu, kipande cha "Ugua Pole". Nimejaribu kufuata mtindo wa deki hata kwenye nyimbo mpya: naweka, simu naigeuza uso chini, mpaka uishe. Nyingine haziwezi kustahimili. Chache zimenishangaza.

Zimebaki zenye kuvu. Hizo hazitaguswa na deki hii. Fundi ana deki mbovu ya kuchezea ambayo hedi yake ni nzima. Tutaitumia hiyo peke yake, nje, kwenye upepo, barakoa usoni, utepe upitishwe kwanza kwenye kitambaa laini mbele na nyuma kabla ya kupigwa. Nyingine zimepoteza kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe kwenye hedi, nitakitoa kwenye kanda za hotuba ambazo Bibi ameruhusu zichinjwe. Tunaanza Jumamosi ijayo kama mvua imeacha. Na nimemkumbusha mwazimaji wa "Kimasomaso".